Gemu imedoda mezani? Anza kumtafuta aliyekaa bure

Jumamosi ya kwanza niliyowaita watu home Sinza kucheza Catan, gemu ya ubao ya kukusanya mali na kujenga vijiji, tulianza saa moja na nusu usiku tukaja kumaliza saa sita kasoro, na kati ya wanne mmoja alishalala kwenye kochi mdomo wazi, mwingine yuko kwenye simu anafuatilia mechi, na aliyeshinda hata hakupigiwa makofi manake hakuna aliyekuwa na uhakika kama ameshinda kweli. Nikajisemea basi, hii kitu haituhusu, sisi wa drafti na karata tubaki na drafti na karata zetu. Lakini sanduku lilishakuwepo, nililetewa na binamu yangu toka Ujerumani, likawa linaniangalia tu pale juu ya kabati, kwa hiyo karibu mwaka mzima tuliendelea kucheza mojamoja na kila tukicheza tunalaumiana, mara fulani mzito, mara fulani ana gubu, mara fulani asiitwe tena.

Sasa sheria zilizokuja na lile sanduku zilikuwa za Kijerumani tupu, mi nilielekezwa na binamu kwa simu, mtandao unakatakata. Siku moja akaja mshkaji ambaye Kijerumani kinapanda, akakichukua kile kitabu akawa anakisoma taratibu huku anakula karanga, akanyanyua kichwa akaniuliza, "Oya, nani alikwambia anayerusha dadu ndo anapata mali peke yake?"

Kumbe dadu zikitua, namba ikitoka, kila mwenye kijiji pembeni ya ardhi yenye namba ile anachukua kadi yake ya mali, awe ndo kwenye zamu au la. Sisi mwaka mzima tulikuwa tunampa aliyerusha tu. Piga hesabu: mko wanne, robo tatu ya usiku unaangalia wenzako wakipokea, unarusha mara moja, hupati kitu, unakaa tena kusubiri. Siku hiyohiyo tukacheza kwa sheria sahihi, ndani ya saa moja na nusu tumemaliza, na yule wa kulala kwenye kochi alikuwa amesimama anapiga kelele "nane! nane njoo!" kwenye zamu ya mtu mwingine.

Toka hapo nikipata jioni mbovu siangalii nani kanuna. Kununa kunakuja mwisho. Naangalia nani mezani hana cha kufanya, halafu narudi nyuma kutafuta kilichomfanya asiwe na cha kufanya. Mara nyingi ubovu unakuwa hapo. Haya, twende dalili moja moja, zile ninazokutana nazo sana.

Watu hawajafika na saa inaenda

Hii ya Dar kila mtu anaijua. Umesema saa moja, wa Tegeta yuko kwenye foleni, wa Tabata "nishatoka" na ukimsikiliza vizuri unasikia bomba la bafuni, wa Kigamboni anauliza kama kweli gemu ipo. Kuna wanaotumia dawa ya kudanganya muda, wanaita watu saa kumi na moja ili waanze saa moja. Mi nimeiacha. Kuna jamaa mmoja anatoka Mbagala huko, yeye ndo anayewahi kila siku, na kila siku nilikuwa namuwashia tivii anakaa nayo saa nzima na zaidi peke yake. Halafu tukianza gemu namshangaa mbona kapoa. Kapoa kwa sababu ameshachoka kabla ya wenzake kufika!

Kwa hiyo wa kwanza akifika tu kitu kinawekwa mezani. Drafti, au Carcassonne, ile ya vigae, ambayo inachezwa kuanzia wawili mpaka watano. Catan yenyewe huwezi, sanduku la kawaida linataka watatu au wanne. Anayechelewa anakuta watu wako busy, anavuta kiti anaangalia, anajifunza bila kufundishwa, na aibu kidogo inamshika, wiki ijayo anajitahidi.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo: umeita wanne ukitegemea wawili watazingua, wakaja wote, na mmoja kaja na rafiki yake. Kuna boksi la nyongeza la kucheza Catan watu watano au sita, ninalo, silipendi. Mkiwa sita kwenye meza moja kile ni kikao cha harusi, unasubiri mwenyekiti akupe nafasi. Gawa watatu watatu, meza mbili, nyingine hata iwe chini kwenye mkeka, na magemu mawili tofauti, basi.

Gemu haiishi

Hapa kesi kubwa ni Monopoly, manake ndo watu wengi walianzia hapo na ndo imewafanya waamini kwamba magemu ya ubao ni ya kulala njaa. Mtu akiniambia Monopoly yao ilienda mpaka alfajiri namuuliza maswali mawili tu. La kwanza, mtu akikanyaga kiwanja kisicho na mwenyewe akakataa kukinunua mnafanyaje? Karibu wote wanasema kinabaki, anacheza anayefuata. Hapana, sheria inasema kinapigwa mnada palepale na kila mtu anaruhusiwa kupanda dau, hata yule aliyekikataa. La pili, faini na kodi mnaweka wapi? Wanasema katikati, atakayetua kwenye ile parking ya bure anazoa zote. Hiyo nayo haimo kwenye sheria, ile kona haina kitu, unapumzika tu. Yaani mmeondoa kitu kinachofanya viwanja viishe haraka, halafu mkaongeza pampu ya kumwagia hela watu waliokuwa wanakaribia kufilisika, mnashangaa nini ikienda mpaka alfajiri.

Na kuna hili la kumtoa mtu. Monopoly ukifilisika umetoka, na Risk ukinyang'anywa nchi zako zote umetoka (ziko 42, na wa kwanza kutolewa anaweza kuwa nje masaa mawili wenzake wanaendelea kupigana). Anaenda wapi huyo? Ataosha vyombo? Tulimtoa shemeji yetu mmoja saa mbili na nusu usiku, akakaa mpaka saa tano anamsubiri mumewe, hajarudi tena na simlaumu.

Kuna mzee jirani yetu, kakulia Kilwa, bao analicheza toka kijana. Siku moja tumekaa uani akapita, shikamoo mzee, marahaba wanangu, akasimama na mkongojo wake kutuangalia. Sisi tulidhani anashangaa vile vipande vya rangi. Akamnyooshea kidole mmoja wetu aliyekuwa anachezea kizibo cha soda akauliza, "Na huyu anasubiri nini?" Tukamwambia anasubiri zamu mzee. "Muda wote huu?" Ndio mzee. Akacheka. "Kwetu barazani aliyefungwa anainuka, anakaa mwingine. Hakuna mtu wa kusubiri." Na bao si mchezo wa kitoto, mashimo 32, kete 64, unaanza na kete 22 mkononi unaziingiza mojamoja kwenye namua, ile hatua ya mwanzo, kuna watu hesabu zao za kete utadhani wana kompyuta. Lakini wanacheza wawili, na wanaosubiri wana kazi ya kuzomea.

Kwa hiyo dawa yangu ya gemu ndefu: kama ni ya kutoa watu, mnapanga saa ya kufunga kabla ya kuanza, tuseme saa nne kamili, mwenye mali nyingi ndo mshindi. Kama hamtaki kupanga saa basi chukueni gemu ambayo kila mtu yumo mpaka mwisho. Catan hakuna anayetolewa, wa kwanza kufika pointi 10 kamaliza.

Mmoja anafikiria mpaka chai inapoa

Watu wanamuita mzito halafu basi, wameshatibu. Mi nimegundua wazito wako wa aina tatu na hawatibiwi sawa.

Wa kwanza ni mgeni, hajui anachokitafuta. Huyu kosa ni la aliyemfundisha. Tunapenda kuanza na "haya, kuna kadi hizi, kuna za rangi hii, kuna huyu mwizi", dakika ishirini unamsomea mtu vitu asivyojua vya kazi gani, anaitikia "enhe, enhe" kama yuko msibani. Anza na mwisho: hapa anashinda mwenye pointi 10, kijiji pointi moja, mji mbili. Halafu bei: barabara tofali na mbao, kijiji tofali na mbao na kondoo na ngano, mji mawe matatu na ngano mbili. Halafu zamu: rusha, badilishana, jenga. Cheza. Mengine utamwambia yakimkuta. Akilalamika "mbona hukuniambia hiyo" mrudishe zamu yake, hupungukiwi kitu.

Wa pili anajua sana. Anataka kupiga hesabu za njia zote. Kuna wanaomuwekea alamu ya simu, mi sijaona ikisaidia, inaongeza ubishi tu. Muulize kwa upole, "unachagua kati ya zipi mbili?" Atazitaja, na akishazitaja kwa mdomo wake mara nyingi anachagua palepale. Kwenye Carcassonne kuna ujanja mzuri zaidi: kigae usivute mwanzo wa zamu yako, kivute ukimaliza zamu. Sasa unacho mkononi wakati wenzako wanacheza, unafikiria humo. Vigae viko 72, kimoja kinaanza mezani, vinabaki 71 vya kuvuta. Kila kimoja kikila dakika moja mnaenda saa moja na dakika kumi na moja. Kikila dakika tatu ni masaa matatu na nusu na zaidi kidogo. Gemu ileile!

Wa tatu hakuwa anaangalia. Alikuwa kwenye simu, zamu imefika anauliza "nimefikiwa? imetokea nini?" Wenyeji wengi wanapiga marufuku simu. Sikatai, ila jiulize kilichompeleka kwenye simu, manake mtu haachi kitu kitamu akaenda kuangalia stetasi.

"Mi sipati kitu"

Hii ndo ya Catan hasa, na ndo inayonunisha kuliko zote. Mtu karusha dadu zimepita raundi sita hana hata tofali, anasema ana bahati mbaya. Bahati ipo ndio, lakini nenda kaangalie alipojenga vijiji vyake viwili vya mwanzo. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba inatoka kwa njia sita. Sita na nane kila moja njia tano, tano na tisa njia nne nne, halafu inashuka mpaka mbili na kumi na mbili, njia moja moja. Wenye gemu wamekusaidia wamechora vidoti chini ya kila namba, na vile vidoti ndo hizo njia zenyewe.

Kijiji kinakaa kwenye makutano ya vipande vya ardhi mpaka vitatu. Jumlisha vidoti vya vyote vitatu. Aliyekaa kwenye 6, 5 na 9 ana vidoti 13. Aliyekaa kwenye 11, 3 na 12 ana vitano. Wote wana kijiji kimoja, wote wamekaa meza moja, ila mmoja anapokea karibu mara tatu ya mwenzake usiku kucha. Mgeni halijui hilo, anachagua kwa kupenda, "mi nakaa hapa pwani nina upepo", na nyie wenyeji mnakausha mnamwacha ajenge, halafu saa tatu usiku mnamwona kanuna mnasema hajui kushindwa. Mwambieni! Mi siku hizi mgeni akiwa mezani naweka kanuni kwamba chini ya vidoti tisa tunakuzuia, na katika vijiji viwili angalau upate mahali pa mbao na pa tofali, manake bila hizo hutoki hapo ulipo.

Kuna vidonda vingine viwili vya mgeni huyuhuyu. Moja, saba ikitoka mwenye kadi zaidi ya saba mkononi anatupa nusu. Ana tisa, zinaondoka nne. Anayeweka akiba kwa adabu zote ndo anaumia, kwa hiyo mwambie mapema kwamba hapa hela hailali. Mbili, mwizi, ambaye saba ikitoka anahamishiwa kwenye ardhi ya mtu na kuizuia isitoe mali. Raundi mbili za kwanza saba ikitoka sisi tunarusha tena, haimo kwenye sheria za kawaida ila watu wengi wanafanya hivyo na nashauri.

Mmoja anawachezea wote

Inatokea kwenye magemu ya kushirikiana, kama Pandemic, ambapo mko upande mmoja mnapambana na magonjwa kwenye ramani ya dunia. Kila mtu zamu yake ana vitendo vinne. Halafu kuna bosi. "We nenda Lagos, tibu, rudi, mpe huyu kadi." Haya bosi. Anayefuata anaambiwa na yeye. Mwisho wa siku mmoja kacheza gemu nzima, watatu wamesogeza vipande kama makondakta wanaopewa maelekezo na dereva. Na ubaya anakuwa sahihi, kwa hiyo hata kumkatalia unashindwa.

Kumkemea bosi kunasaidia dakika tano. Mi namnyima taarifa. Kadi zikae mkononi kila mtu afiche zake, na mwenye zamu ndo anaanza kuongea, wengine mpaka waulizwe. Kama bado, toa Hanabi, ambayo wewe unaona kadi za wenzako wote ila zako umezigeuzia mgongo, bila wao huwezi kucheza. Jamaa yetu mmoja, bosi hasa, meneja wa kazi kabisa huko kwao, kwenye Hanabi alikaa kimya nusu saa nzima akiomba watu wamuelekeze. Tulipiga picha.

Mke na mume

Hii haina dawa kamili. Shemeji mwingine ana tofali, mezani watatu wanalitaka, watu wanatoa kondoo wawili, watatu, anampa mumewe bure. "Shem, umempa kwa nini?" "Si ndo atanirudisha nyumbani." Sheria ya Catan inakataza kumgawia mtu kadi bure, na inasema biashara inafanyika na mwenye zamu tu, wengine hamruhusiwi kuuziana pembeni. Zisomwe kwa sauti kabla ya kuanza, isionekane imetungwa dhidi yao. Halafu ugomvi wa sheria wowote ukizidi dakika moja, mwenye sanduku anaamua, kesho yake ndo anakagua kitabu, na akikuta alikosea ananunua soda.

Vitu vya meza yenyewe

Haraka haraka. Feni inapeperusha kadi, na feni huwezi kuzima, hii ni Dar: kandamiza mafungu kwa kete za bao au kokoto safi. Kadi zinanata na kujikunja, hilo ni joto la unyevu, zivalishe vile vimifuko vya plastiki na tupia sandukuni vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya. Meza ya kioo dadu zinateleza mpaka chini ya kochi, tandika kanga. Umeme ukikatika weka tochi ya simu chini ya chupa ya maji, mwanga unasambaa, ila kwenye mwanga hafifu nyekundu na chungwa za Catan zinafanana, kwa hiyo mwenye chungwa abadilishe mapema kama kuna rangi iliyobaki. Chakula, chipsi kwa vijiti sawa, mishkaki sawa, kuku hapana, kuku anataka mikono. Soda ziwe sakafuni kwenye mguu wa kiti, chupa ya baridi inatoa jasho na ubao ni karatasi.

Kipande kimepotea

Hesabu kabla bodaboda hazijafika, si baada. Catan kila rangi ina vijiji 5, miji 4, barabara 15. Ardhi 19, namba 18, mwizi mmoja, dadu mbili. Mpe kila mtu ahesabu rangi yake mwenyewe huku anavaa viatu, inachukua dakika moja na hakuna anayesimama mlangoni anasubiri. Barabara moja nyekundu iliwahi kukosekana wiki tatu, tukawa tunatumia kijiti cha mshkaki kilichokatwa, mpaka yule shemeji wa tofali akanitumia picha: ilikuwa kwenye pochi yake, imefungwa kwenye tishu pamoja na tofali moja.